Mchekeshaji Mkuu Akiondoka: Kuziba Pengo, Kuliacha au Kuvunja Kambi

Mchekeshaji King Majuto alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 na akazikwa kwao Tanga, lakini mtazamaji wa Singida bado anacheka naye. Yumo kwenye skrini za mabasi yanayopita mkoani kati ya Dar es Salaam na Mwanza, yumo kwenye simu za vijana wa Manyoni na Kiomboi, na mara nyingi klipu inayomfuata ni ya mchekeshaji aliyerekodiwa wiki iliyopita. Marehemu na walio hai wamepangwa mstari mmoja, bila tarehe na bila maelezo. Kwa hiyo mchekeshaji mkubwa anapofariki, anapougua au anapohamia kituo kingine, maswali ya watu huja yamechanganyika. Kipindi kimeisha au kimepumzika? Huyu mpya ni ndugu yake, ni mhusika mwingine, au ni mhusika yuleyule amepewa sura nyingine? Vipindi hivi ni vipya au ni marudio? Na swali linalowachoma wengi: nani aliyetoa ruhusa mtu mwingine akae mahali pake?

Hasira iliyomo katika swali hilo la mwisho ina sababu, na sababu hiyo haiko kwa mtazamaji peke yake. Imo katika namna vichekesho vyetu vinavyotengenezwa, katika aina ya kuondoka kwenyewe, katika umiliki wa jina, na katika riziki ya wale wanaobaki. Ugumu ni kwamba mambo haya manne huvutana.

Jina lililommeza mtu

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki hawakuwahi kumwita Amri Athumani kwa jina lake. Alikuwa King Majuto nyumbani, barabarani na hospitalini. Lucas Mhuvile ni Joti. Emmanuel Mgaya ni Masanja Mkandamizaji. Kule Kenya, Benson Wanjau aliishi miongo mingi akiwa Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, na Charles Bukeko alikuwa Papa Shirandula hata alipokuwa nje ya kazi. Mtu na mhusika wamegandana kiasi kwamba kumtenganisha mmoja na mwingine kunaonekana kama kumvunjia heshima.

Hali hii imetokana na historia. Vichekesho vyetu vya televisheni vilirithi jukwaa na redio, tangu enzi za Pwagu na Pwaguzi kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika utamaduni huo, msanii hufika akiwa na mhusika wake mkononi: mavazi, mwendo, sauti, lafudhi, msemo wa kurudiarudia. Dairekta humpa tukio, kwa mfano mgeni amefika na nyumbani hakuna chakula, halafu msanii analijaza kwa maneno yake mwenyewe. Skripti, ikiwepo, ni mifupa tu. Mfumo huu una faida kubwa ambayo watu husahau kuitaja. Ni wa gharama nafuu, unawezesha kundi dogo kutoa kipindi kila wiki, na lugha yake ni hai kwa sababu imetoka kinywani mwa mtu na haikupitia dawati la mwandishi. Kicheko cha King Majuto kilitegemea sana zile sekunde ambazo hakuna mtu angeweza kuziandika.

Gharama yake hujitokeza siku msanii anapoondoka. Hakuna karatasi ambayo mhusika amehifadhiwa. Katika vichekesho vya Marekani vinavyoandikwa na timu ya waandishi, mhusika anabaki ndani ya maandishi hata mwigizaji akienda zake, na kazi ya mrithi ni kuyasoma na kuyapa uhai. Kwetu mrithi hukuta nguo tu.

Mzee Ojwang anafaa kutazamwa kwa makini hapa. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini aliigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyowashawishi watu wa pande zote. Maana yake mhusika yule alikuwa kitu kilichoundwa kwa ufundi, na kitu cha ufundi mtu mwingine anaweza kufundishwa. Hata hivyo, alipofariki tarehe 12 Julai 2015, Ojwang aliondoka naye. Ufundi ulikuwepo, mwanafunzi hakuandaliwa.

Kuna kuondoka na kuondoka

Mjadala wa watazamaji hukwama kwa sababu kila kuondoka huzungumzwa kana kwamba ni kumoja. Kifo huwaacha watazamaji wakiwa wafiwa, na mfiwa hapimi ubora wa mwigizaji mpya, anapima heshima. Ugonjwa ni mgumu zaidi, kwa sababu mlango uko wazi. Vengu wa kundi la Orijino Komedi alipougua na kutoonekana tena kwenye kipindi, kundi lisingeweza kumweka Vengu mwingine bila kuonekana linamzika mtu aliye hai. Msanii anayehama kwa kutafuta maslahi bora anaondoka na uwezo wake wote, na pengine anaondoka na watazamaji pia. Msanii anayestaafu kwa uzee ndiye pekee anayetoa nafasi ya kujiandaa, na nafasi hiyo kwetu haitumiki, kwa kuwa msanii wa vichekesho Afrika Mashariki mara nyingi hufanya kazi mpaka mwili ukatae. Hana pensheni inayomngoja.

Nimetaja aina hizi mapema kwa sababu kila njia kati ya zinazofuata inafaa aina fulani ya kuondoka na inaharibu nyingine.

Njia ya kwanza: mhusika yuleyule, sura nyingine

Hapa jina linabaki, nyumba inabaki, mke na watoto wa kwenye hadithi wanabaki. Mwigizaji ndiye anayebadilika. Marekani wamewahi kufanya hivi bila hata kumwomba radhi mtazamaji. Mwaka 1969 kichekesho cha Bewitched kilimwondoa Dick York, aliyeigiza mume, kwa sababu ya afya yake, kikamweka Dick Sargent, na hadithi ikasonga mbele kama vile hakuna kilichotokea hadi 1972. Katika The Fresh Prince of Bel-Air, ambayo wengi wa rika la kati huku kwetu waliiona, shangazi Vivian aliigizwa na Janet Hubert mpaka mwaka 1993, akafuatia Daphne Maxwell Reid. Mpaka leo watazamaji wanabishana juu ya shangazi wa kwanza na wa pili.

Faida ya njia hii ni mwendelezo. Waigizaji wengine hawapotezi kazi, mdhamini hajitoi, waandishi hawahitaji kubomoa hadithi. Hasara yake ni kwamba kichekesho huishi kwa mazoea. Mtazamaji huanza kucheka kabla mzaha haujafika, kwa kuwa anajua mtu huyu akinyamaza namna hii, kuna jambo. Mwigizaji mpya hana akiba hiyo ya ukimya. Tena, anayepotea si mmoja. Unapotea uhusiano wa wawili. Ojwang bila mkewe Mama Kayai, au Papa Shirandula bila mkewe Wilbroda, ni nusu ya mzaha. Ukimbadilisha mume, mke naye analazimika kujifunza upya namna ya kugombana.

Katika mazingira yetu, ambamo jina la mhusika ndilo jina la msanii mtaani, nadhani njia hii inafaa kwa wahusika wa pembeni na haimfai stelingi, yaani mhusika mkuu. Kumwita mtu mwingine King Majuto si kubadilisha mwigizaji. Ni kumpa mtu jina la marehemu mbele ya watoto wake.

Njia ya pili: mgeni mwenye jina lake

Mhusika wa zamani anaondolewa ndani ya hadithi, kwa kufa, kusafiri au kuachana, na mhusika mpya kabisa anaingia kushika uzito wake. Mfano unaotajwa zaidi ni kichekesho cha Marekani cha Two and a Half Men. Charlie Sheen alifukuzwa mwaka 2011 baada ya ugomvi mkubwa na watengenezaji. Mhusika wake akauawa kwenye hadithi, na Ashton Kutcher akaingia akiwa tajiri anayeinunua nyumba ileile. Kipindi cha kwanza cha Kutcher kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 28. Wengi walikuja kwa udadisi, na idadi ikashuka baadaye, lakini kipindi kiliendelea hadi 2015. Cheers ilifanya vizuri zaidi: Shelley Long aliondoka mwaka 1987, akaingia Kirstie Alley na mhusika wa tabia tofauti kabisa, na kipindi kikadumu hadi 1993.

Tofauti ya visa hivi viwili inaeleza mengi. Cheers ilikuwa hadithi ya baa na wateja wake. Mgeni alikuta mahali penye uhai na watu wenye uzito wao. Two and a Half Men ilisimama juu ya tabia ya mtu mmoja, na alipoondoka, waandishi walilazimika kutunga karibu kipindi kingine chini ya jina la zamani.

Kwa vichekesho vya Tanzania njia hii ina faida ambayo haijatumika vya kutosha. Inafungua mlango kwa sauti nyingine za nchi. Vichekesho vyetu vimezoea lafudhi chache zilezile, ya Kikurya, ya Kihaya, ya Kisukuma, ya Kimakonde, mpaka zimekuwa kama sare. Singida ina Wanyaturu na Wanyiramba, ina Wabarabaig, na kule Mkalama wapo Wahadzabe, lakini ni nadra kumwona mtu wa huku akiwa nguzo ya kichekesho cha taifa. Pengo la stelingi ni wakati ambapo mtayarishaji analazimika kutafuta. Akitafuta nje ya Dar es Salaam, anaweza kupata mtu ambaye mtazamaji hana wa kumlinganisha naye. Mgeni anayefanana na aliyeondoka atahukumiwa kwa kila neno. Asiyefanana naye hupewa muda.

Njia ya tatu: waliobaki wagawane mzigo

Hakuna anayeletwa. Waliokuwa pembeni wanasogea katikati. Hii ndiyo njia ambayo makundi yetu huifuata mara nyingi, wakati mwingine kwa hekima na wakati mwingine kwa kukosa fedha.

Inafanikiwa pale kichekesho kilipojengwa kwa wengi tangu mwanzo. Orijino Komedi ilikuwa na Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu, kila mmoja na uwanja wake, na vipande vyake vilikuwa vifupi. Alipokosekana mmoja, kundi lilipungukiwa ladha lakini halikukosa mahali pa kusimama. Vioja Mahakamani ya Kenya ni mfano bora zaidi. Hapo stelingi ni mahakama yenyewe. Kila kipindi kina kesi mpya, washtakiwa na mashahidi huingia na kutoka, hakimu hutoa hukumu, wiki inayofuata maisha yanaanza upya. Kimedumu miongo kadhaa, kikapoteza wasanii na kupokea wengine, na mtazamaji hajawahi kuona kwamba ametapeliwa, kwa sababu ahadi aliyopewa ilikuwa ya kuona kesi.

Njia hii pia ndiyo inayoruhusu maombolezo ndani ya hadithi. John Ritter, baba katika kichekesho cha Marekani cha 8 Simple Rules, alifariki ghafla tarehe 11 Septemba 2003 wakati msimu mpya ukirekodiwa. Kipindi kilisimama, kikarudi na familia inayomlilia baba yake, kisha babu na binamu wakaongezwa polepole. Kikaendelea hadi 2005. Watazamaji walilia pamoja na waigizaji ambao machozi yao yalikuwa ya kweli.

Watu wa huku hawakuhitaji kwenda Marekani kujua kwamba hadithi inaweza kumzika mhusika wake mkuu na kubaki hai. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, ulimpeleka dereva wa lori Mkwaju kwenye UKIMWI na kifo, huku mkewe Tunu akijifunza kusimama mwenyewe. Haukuwa mchezo wa vichekesho, na kifo kile kilipangwa na waandishi tangu awali. Lakini unathibitisha kwamba msikilizaji wa Kiswahili yuko tayari kuendelea na familia iliyofiwa, mradi familia hiyo ilijengwa ikiwa na watu kamili.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mhusika wa pembeni si stelingi aliyecheleweshwa. Wengine huchekesha kwa sababu wanaonekana kidogo. Mlevi wa kijiweni anayepita mara mbili katika kipindi, akipewa kipindi kizima, huchosha kabla ya tangazo la kwanza.

Njia ya nne: kufunga

Charles Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, na Papa Shirandula, iliyokuwa ikionyeshwa na Citizen TV tangu 2007, ikafungwa mwaka huohuo. Wapo waliouliza kwa nini kundi lenye Wilbroda, Njoro na wenzao lisiendelee. Jibu limo katika hadithi yenyewe. Papa ni mlinzi anayemficha mkewe kazi yake halisi na kumwaminisha kwamba ana kazi kubwa ya ofisini. Kila kipindi kinaendeshwa na uongo huo wa mtu mmoja: nani karibu kuujua, nani anautumia kumkamua, utafichuka vipi. Ukimwondoa Papa, uongo umekufa naye, na Wilbroda hana tena wa kumdanganya. Zaidi ya hapo, Bukeko ndiye aliyekianzisha kichekesho hicho. Alikuwa uso na alikuwa fikra.

Kufunga kunalinda kumbukumbu, na watazamaji wengi huusifu uamuzi huo bila kuhesabu gharama yake. Msanii mmoja akiondoka, nyuma yake wapo waigizaji, wapiga picha, wahariri, mafundi sauti, washona mavazi na wenye nyumba zinazokodishwa kurekodia. Kwa wengi wao kipindi ndicho kodi ya nyumba. Heshima kwa marehemu inayolipwa na wafiwa wenzake ni heshima ghali, na wanaoidai kwa sauti kubwa si wao wanaoilipa.

Ipo njia ya katikati: kufunga jina na kufungua jingine. Mwaka 2018 kituo cha ABC cha Marekani kilimfukuza Roseanne Barr kwa maneno ya kibaguzi aliyoandika mtandaoni, kikakifuta kichekesho chake cha Roseanne, halafu miezi michache baadaye familia ileile ikarudi ikiitwa The Conners, mama akiwa amefariki kwenye hadithi. Ilidumu misimu saba, hadi 2025. Jina jipya lilimwambia mtazamaji wazi kwamba hiki ni kitu kingine, na likawaachia wasanii kazi yao.

Mwenye jina ni nani

Njia zote nne hukutana na ukuta huu, na kwa Tanzania mfano mkubwa ni wa mwaka 2008. Kundi la Ze Comedy liliondoka EATV likaenda TBC1. Jina likawa mgogoro, kituo cha zamani kikiling'ang'ania, na wasanii wakajitokeza kwa jina la Orijino Komedi. Watazamaji walizifuata sura. Kituo kilibaki na jina lisilo na watu, na watu wakaondoka na watazamaji.

Tukio lile linaonyesha kwamba kwetu thamani imo kwa msanii, wala haimo katika jina la kipindi. Hiyo ni nguvu kwa msanii akiwa hai na mzima. Akiugua au akifa, nguvu hiyo humgeukia, kwa sababu kilichokuwa kichwani mwake bila karatasi hakirithishiki. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika hadi kwa Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Msanii aliyechekesha nchi nzima alihitaji serikali iingilie kati ndipo mikataba yake itazamwe.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa kazi, na inamtambua pia mwigizaji kwa uigizaji wake. COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya serikali, ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Lakini kisichowekwa kwenye maandishi au kwenye kanda ni kigumu kukithibitisha. Tabia ya mhusika, msemo wake, namna anavyofunga kilemba, vyote hivyo vikibaki vya mdomoni, mabishano hayana pa kuanzia. Mtayarishaji anaamini amenunua mhusika, msanii anaamini amekodisha, na familia inaambiwa baadaye kwamba hakuna chochote kilichoandikwa.

Kupima

Nikiziweka njia hizi pamoja, siamini kwamba ipo moja iliyo bora siku zote, na sikubaliani na wanaosema msanii mkubwa hazibiki kamwe. Kauli hiyo inamheshimu aliyeondoka lakini inafuta kazi ya waliosimama naye. Swali la kwanza la mtayarishaji liwe juu ya injini ya kichekesho. Kama kinaendeshwa na mahali au kundi, kama mahakama, baa, stendi, ofisi ya kijiji, basi kiendelee, kwa kugawana mzigo kwanza na kumleta mgeni baadaye. Kama kinaendeshwa na siri au tabia ya mtu mmoja, kifungwe kwa heshima, na wasanii wapewe kipindi kingine chenye jina jingine haraka, kabla watazamaji hawajatawanyika.

Swali la pili ni sababu ya kuondoka. Kwa kifo, mhusika asipewe mtu mwingine, na hadithi ikiri msiba. Kwa ugonjwa, hadithi imtaje kama aliyesafiri na isimfunge mlango. Kwa aliyehama, mgeni aletwe mapema na asifanane naye. Kubadilisha sura tu kubaki kwa wahusika wadogo.

Kuna jambo jingine ambalo halina gharama kubwa na vituo vyetu vinalipuuza: kumwambia mtazamaji. Maandishi mafupi mwanzoni mwa kipindi, yakisema hiki ni marudio ya mwaka fulani, msanii huyu amefariki tarehe fulani, mhusika huyu mpya anaitwa fulani na anaigizwa na fulani, yangeondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko nilioueleza mwanzoni. Mtazamaji wa Itigi hapati habari za wasanii kwa kasi ya mtu wa Kinondoni. Klipu humfikia bila jina wala tarehe, na kituo ndicho chenye uwezo wa kuviweka.

Kwa makundi madogo yanayoanza mikoani, ya Singida yakiwemo, kazi yenyewe ni ya mwanzo wa safari. Baada ya kila vipindi kadhaa, mtu mmoja aandike kila mhusika ni nani: umri wake, anachoogopa, anachoficha, anavyosalimia, neno ambalo hawezi kulisema. Kila mhusika mkuu awe na mwenzake anayejifunza nafasi yake kwenye mazoezi, hata kama hatarekodiwa kamwe. Na mkataba, hata uwe wa ukurasa mmoja, ujibu maswali matatu: jina la mhusika ni la nani, msanii akiugua analipwa nini na kwa muda gani, na akifariki, marudio ya vipindi vyake yanailipa familia yake kiasi gani. Maswali hayo huulizwa kwa utulivu wakati kundi bado halina umaarufu. Kipindi kikishapata mdhamini, kila jibu lina bei, na msanii aliyelazwa wodini hana tena nguvu ya kubishania bei hiyo.